Tunaofanya: Ilani ya Wenye Biashara Ndogo wa Chanji

Ilani hii ilianzia kwenye pumba.

Mama mmoja alileta mahindi debe tatu kwenye mashine ya mwenzetu hapa Chanji, Sumbawanga. Yakakobolewa, yakasagwa, akapewa sembe yake, akalipa. Kisha akasimama palepale mlangoni, kiroba kichwani, akauliza, "Na pumba zangu?" Mwenzetu akamjibu kama wanavyojibu wenye mashine wote: pumba hubaki mashineni, ndio utaratibu. Mama hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, "Mahindi niliyalima mimi. Hayo maganda yake yamekuwa yako kuanzia saa ngapi?"

Mwenzetu hakuwa na jibu. Ana miaka mingi kwenye kazi hiyo. Anajua bei ya mkanda, anajua kwa kusikia tu kwamba chekeche limetoboka, na anajua kuwa pumba ndizo zinazomlipia umeme, kwa sababu wafuga kuku na nguruwe huzifuata kila wiki. Lakini ile saa ambayo pumba huacha kuwa za mkulima zikawa zake, hakuwahi kuitafuta. Jioni ile alizima mashine mapema, akavuka barabara, akampelekea seremala swali lile. Seremala akalipeleka kwa fundi cherehani. Jumapili iliyofuata tulikuwa saba, tumekaa barazani pa mashine, vumbi la unga limetanda ukutani, tunabishana habari za maganda ya mahindi mpaka giza likaingia. Tulipoinuka kila mmoja alikiri kwamba ubishi ule ulimpa furaha ambayo hajaionja kazini kwa muda mrefu.

Basi tunatangaza tunachokiamini. Biashara ni kazi ya kuunda, na ni kazi ya kufikiri. Anayefungua genge anaunda kitu ambacho hakikuwepo, kama mfinyanzi aundavyo chungu. Na kila siku genge hilo humuuliza maswali ambayo wenye hekima wameyauliza tangu zamani: haki ni nini, cha mtu ni kipi, ahadi ina uzito gani, mgeni anastahili nini. Mwenye genge huyajibu apende asipende. Huyajibu kwa kipimo anachokitumia, kwa bei anayoitaja, kwa namna anavyompokea mtoto aliyetumwa chumvi. Tunataka kuyajibu tukiwa macho.

Tazameni maneno tuliyorithi. Kwa Kiarabu, tajiri ni mtu wa biashara, basi. Neno lilipofika kwetu likageuka kuwa mtu mwenye mali nyingi, hata kama hajawahi kuuza kibiriti. Bepari nalo lilitoka Bara Hindi, na huko pia maana yake ni mfanyabiashara. Kwetu likawa mnyonyaji. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, ikachapishwa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Kwa asili ya neno, tafsiri ile ni sahihi kabisa. Kwa masikio ya nchi ya wakati ule, jina lile lilikuwa hukumu tayari.

Likabaki neno moja lisilosifu mali wala kutukana mtu: mfanyabiashara. Ndani yake kuna kufanya. Hilo ndilo tunalolichukua, na tunaomba kuitwa hivyo kwa maana yake yote.

Wazazi wetu waliishi miaka ambayo kununua na kuuza kulitazamwa kama wizi. Azimio la 1967 lilifundisha kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenzake, na fundisho hilo hatuliachi. Nyumba hii tunaijenga juu yake. Lakini mwenye duka aliwekwa upande wa watuhumiwa kabla hajafungua mlango. Mwaka 1983, nchi ikiwa haina sabuni wala sukari, ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Baadaye upepo ukageuka. Watoto wa walioitwa walanguzi wakaitwa wajasiriamali, wakaalikwa semina, wakaambiwa wachangamkie fursa. Semina hizo tumehudhuria. Tulifundishwa mtaji, mzunguko na marejesho, na ni mambo ya maana. Mali bila daftari huisha bila habari, na kati yetu yupo aliyewahi kufunga duka kwa kukosa daftari. Ila hatukumbuki siku ambayo mkufunzi alituuliza duka ni la nini.

Kwa hiyo tumerithi mafundisho mawili. La kwanza lilisema biashara ni dhambi, la pili linasema ni dawa ya umaskini, na yote mawili yanaitazama kutoka nje. Sisi tumo ndani yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Watoto wetu wamejifunza kutembea wakishikilia kaunta. Kitu kinachochukua maisha ya mtu kiasi hicho kinastahili akili yake yote.

Wala hatusemi jambo geni katika nchi yetu ya Ufipa. Kabla jembe la kiwandani halijafika, Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe. Tanuru yao, ilungu, ilikuwa mnara wa udongo uliopita kimo cha mtu, mingine ikifika mita tatu na zaidi, na chini yake kulikuwa na matundu kuzunguka pande zote, yametiwa mirija ya udongo. Haikuvukutwa. Joto lilipanda, likavuta upepo kupitia mirija ile, na tanuru ikapumua yenyewe usiku na mchana kwa siku kadhaa, huku ndani makaa na mawe ya chuma vikiwa vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Kilichotoka kilikuwa bado chuma kichafu. Kilihamishiwa kwenye tanuru ndogo ya pili, na hapo mivukuto ikatumika kukisafisha, kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Profesa Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa Tanzania, na mabaki ya malungu bado yamesimama katika nyika za mkoa huu kwa anayetaka kuyaona kwa macho yake.

Jembe lile lilikuwa bidhaa. Liliuzwa, lilibadilishwa kwa vitu vingine, lilitolewa mahari. Lakini fikirini yaliyotangulia bidhaa. Ilungu lilipambwa kama bibi harusi. Waliolihudumia walijizuia na wake zao siku zote za moto. Bingwa wao alikuja na kapu lake la dawa, akisimamia moto kama mtu anayesimamia uzazi. Ilibidi kujua udongo upi unastahimili joto, mti upi unatoa makaa makali, mawe yapi yana chuma na yapi yanadanganya. Ufundi, ibada, elimu na soko vilikaa ndani ya moto mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kuvitenga. Majembe ya bei nafuu yalipoletwa kutoka Ulaya, malungu yakaanza kupoa, na katika karne ya 20 yakazimika. Hatuombi yawashwe tena. Tunaitamani ile hali ya mtu kusimama mbele ya kazi atakayoiuza kwa heshima ya anayeoa.

Ipo pia simulizi ya Milanzi, ambayo leo ni kata ndani ya Manispaa yetu ya Sumbawanga. Wazee husimulia kwamba utemi wa kwanza wa Ufipa ulikuwa hapo, katika uzao wa Ntatakwa aliyeshuka kutoka mbinguni. Siku moja mtemi akiwa mbali, wakaja wanawake watatu wageni, wakaukalia utemi. Aliporudi haikumwagika damu. Yalifanyika makubaliano: wageni, waliouzaa ukoo wa Twa, wakachukua utawala, na mtemi wa Milanzi akabaki na baraka ya nchi, ile ambayo mtawala hawezi kuitawala. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliifanya simulizi hii kuwa moyo wa kitabu chake cha mwaka 1981.

Sisi tunaisikiliza kama watu wa duka. Pesa ndiyo mgeni yule. Inafika, inakaa kitini, na kutawala inajua: inapanga, inahesabu, inaamuru kipi kiendelee na kipi kife. Hatutapigana nayo. Lakini kila biashara yetu lazima iwe na Milanzi yake, mahali pamoja ambapo pesa haiamui. Tuliombana kila mtu ataje pake. Mama yetu anayewapikia wapakia mizigo wali na maharage alisema mtoto wa shule haondoki mlangoni kwake na njaa, na sahani hiyo haiandikwi popote. Muuza dagaa, anayepokea mzigo kutoka Kirando, alisema hachanganyi dagaa wa msimu uliopita na wapya, hata soko likikauka. Seremala alisema hachukui faida kwenye jeneza la mtoto. Fundi cherehani mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema yeye bado anatafuta. Hilo nalo tumeliandika.

Sasa kipimo. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye kidonda.

Kila Juni na Julai, baridi ikiuma na upepo wa milima ya Mbizi ukivuma, magari hupanda vijijini kufuata mahindi. Mmoja wetu alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliposimama kando ya baba yake, gunia likijazwa hadi mdomoni, kisha likavishwa kilemba, kamba ikapita juu ya kilemba mpaka gunia likawa na kichwa na mabega. Lumbesa. Baba alilipwa gunia moja. Picha inayomrudia mwenzetu hadi leo ni ya mzee wake akishindilia mahindi yale kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa bila kushindilia mnunuzi angeondoka, na ada ya shule ilikuwa ndani ya gunia lile.

Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na mizani ipo. Lakini sheria ikiwa bado iko njiani, debe limeshabonyezwa ubavuni, na sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo sasa linapima maharage na mchele kila soko, limeshatiwa kitu chini. Kipimo ni neno ambalo muuzaji hulitamka bila kufungua kinywa. Debe lililobonyezwa linamwambia mteja: nimekuona, na nimekuona kuwa mtu wa kupunjwa.

Tunajifunga hivi. Mizani zetu zitageuzwa uso ziwatazame wateja. Sado zitajazwa mbele ya macho ya mnunuzi, na atakayetaka kulipindua kopo na kuangalia kitako chake alipindue. Tukienda kijijini, tutanunua kwa kilo. Tunajua gharama yake. Anayenunua kwa lumbesa atauza kwa bei ya chini kuliko sisi, na wapo majirani zetu, watu wema wenye watoto wengi, watakaokwenda kwake. Jambo hili tumelizungumza kwa uchungu na dawa yake yote hatujaipata. Njia moja tumeiona: kununua pamoja, gari moja na mizani moja, ili nauli ya mzigo ishuke na haki isimlemee mtu mmoja mmoja. Msimu huu tutaijaribu.

Mafundi cherehani nao wametaja kosa lao hadharani, bila kusukumwa. Ni lile neno "njoo kesho". Fundi hulisema kwa kuogopa mteja asiondoke, na mteja hulisikia akijua si kweli, na wote wawili huzoea uongo kama watu wanavyozoea moshi jikoni. Tumekubaliana kwamba tarehe ni sehemu ya nguo. Gauni lililoshonwa vizuri likafika siku moja baada ya harusi limekosewa kushonwa. Mafundi wetu wametundika ubao wenye siku za wiki na nafasi za kila siku. Nafasi zikijaa zimejaa, na mteja anatajiwa siku ya kweli hata kama atachukua kitambaa chake na kwenda. Wapo waliokwenda. Mmoja wa mafundi amesema usiku sasa analala.

Halafu kuna daftari la madeni. Kila duka la Chanji linalo, limekunjwa pembe, limeshikwa na mikono yenye mafuta. Likisomwa vizuri, ni kitabu cha mtaa: mshahara uliochelewa umo, mtoto aliyelazwa yumo, mvua iliyokatika Machi imo, maana mwezi ule kila ukurasa umejaa unga na hakuna ukurasa uliofutwa. Tutalitunza kwa ukweli, kwa wino, na mteja akitaka kuona ukurasa wake ataonyeshwa. Hatutabandika majina ya wadaiwa mlangoni. Biashara haigombi, walisema waliotutangulia, na sisi tunaongeza kwamba haimvui mtu nguo mbele ya watoto wake.

Kuhusu faida tuseme waziwazi: tunaitaka. Duka lisilopata faida halimlishi mtoto wa shule wala halimsamehei mtu. Swali letu ni inakwenda wapi. Bibi zetu walilima intumba. Mvua zikielekea mwisho waliyakata majani, wakayafukia ndani ya matuta ya duara yaliyotapakaa shamba zima. Juu wakapanda maharage, chini majani yakaendelea kuoza. Mvua mpya zilipokuja waliyavunja matuta yale, wakausambaza udongo mweusi, wakapanda ulezi. Ardhi ilikula kabla ya mtu kula. Nasi tunataka sehemu ya faida ifukiwe hivyo: ikanunue randa nzuri, ikamlipe kijana anayejifunza kazi badala ya kumtumikisha kwa ahadi ya ujuzi, ikanunue nusu siku ya mapumziko, mwenye duka akae chini na kuifikiria kazi yake. Nusu siku hiyo wengine wetu hatujawahi kuwa nayo tangu tulipofungua.

Na tunataka uzuri. Wapo watakaosema hilo ni la wenye nacho, na hatukubaliani nao. Wafipa wa karne ya 19 walifuma nguo za pamba kwa mikono huku wakilima na kuyeyusha chuma, na nguo zile zilisafiri. Kule Mombasa, muuza nguo Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zikafika kila kona ya pwani na bara zikiwa na maneno yake pindoni. Kitambaa kikaanza kusema. Mwanamke aliyekuwa hana ruhusa ya kujibu nyumbani akajifunga jibu kiunoni na kupita nalo. Muuza nguo alifungulia watu mlango wa kuzungumza, na hilo lilikuwa ndani ya biashara yake, ndani ya hesabu zake za kila jioni. Nasi tuna kibao cha duka cha kuandikwa jina, tuna rafu za kupangwa, tuna namna ya kufunga maandazi kwenye karatasi. Mama yetu wa wali huyamimina maharage upande mmoja wa sahani, hayagusi wali, ili mlaji achanganye apendavyo. Tulipomuuliza kwa nini, alituambia mlaji amechoka kuamriwa tangu asubuhi.

Anayetaka kujiunga nasi hatoi kiingilio. Hatuna jina, hatuna muhuri, na kila Jumapili anayeongoza ni yule aliyefika kwanza barazani. Aje na mambo mawili: daftari lake, na swali moja ambalo kazi yake imemuuliza akashindwa kulijibu. Hatutamkagua daftari. Tutakachomwomba ni kulifungua mbele yetu mara moja, ukurasa wowote, na kutueleza ukurasa huo ulikuwa siku gani ya maisha yake. Kijana wetu wa bodaboda alikuja na daftari tupu, na swali lake lilikuwa hili: abiria mgonjwa anayepelekwa hospitali usiku wa manane alipe zaidi kwa sababu ni usiku, au apunguziwe kwa sababu ni mgonjwa? Tumelijadili Jumapili mbili. Yeye mwenyewe, wakati tukiendelea kubishana, ameshaamua anavyofanya, na anasema atatuambia tukifika.

Jumapili hii tunarudi kwenye pumba. Seremala ameshaupiga randa ubao, upana wa mkono mmoja, utakaotundikwa juu ya mlango wa mashine. Utakuwa na bei mbili: ya anayekoboa na kuacha pumba, na ya anayekoboa na kuondoka nazo. Kwa ubao huo mwenye mahindi ataamua yeye, akiwa bado na mahindi yake mikononi. Hapo tumekubaliana wote. Bado hatujakubaliana juu ya mtoto anayetumwa mashineni na hajui kusoma, wala juu ya pumba zote zilizobaki miaka iliyopita kabla ubao haujawekwa, ambazo mwenzetu anasema zinamsumbua. Mama aliyeuliza tumemwalika. Amesema atakuja akimaliza kupura maharage.